Kulisafisha Gitaa la Reino

Negaunee, 11 Novemba 1987

Mjomba Gerrit,

Natumaini uko salama, wewe na mkaza mjomba Bi Johanna, na kwamba kile kikohozi chako cha kiwandani kimekupa likizo. Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Theluji imewahi mwaka huu, inafika magotini. Mama anakusalimu, nyonga inamsumbua, anatembea kwa mkongojo na kunilaumu mimi kwa hii baridi kana kwamba ndimi niliyeileta. Jumapili msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa, kwa hiyo wanaume wa mtaa huu wameshapotea misituni na bia zao. Kumetulia.

Haja yangu ni ndogo. Reino anatoka jela ya Marquette tarehe 19 Februari. Itakuwa imetimia miaka mitatu tangu alipomvunja taya Toivo Saarela kwa chupa, habari hiyo unaijua. Ameniandikia mstari mmoja tu: "Gitaa nilikute kama nilivyoliacha."

Ni lile lile ulilotupatia siku ya harusi yetu. Nililiweka ndani ya sanduku lake kwenye chumba cha nje cha sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, nyuma ya kuni, na miaka yote mitatu sijalifungua ila mara moja, mwezi uliopita. Limechakaa kwa uchafu, Mjomba. Masizi, moshi wa sigara uliogeuka njano, na pale mkono wake wa kulia ulipokuwa ukiegemea kuna utando mweusi unaonata kama ulimbo. Wewe umepiga magitaa vanishi miaka thelathini. Niambie nilisafishe vipi lisidhurike. Nina dawa ya kung'arisha meza, ile ya harufu ya limau. Nitumie hiyo?

Tafadhali usimwambie mtu kwamba nimeuliza.

Mpwa wako,
Marlys

*

Kalamazoo, 24 Novemba 1987

Marlys,

Nilitaka kuanza na salamu kama mtu mwenye adabu zake, lakini weka chini kwanza hiyo dawa ya limau. Umeiweka? Haya, sasa hujambo. Sisi hatujambo. Johanna amepika supu ya njegere, anasema ungekuwepo ungeongezwa bakuli. Kikohozi kipo, kinalipa kodi kama mpangaji mwaminifu.

Sikiliza. Vanishi tuliyokuwa tukipiga miaka hiyo si kama hizi za siku hizi zilizo ngumu kama plastiki. Ile ni laini, inapumua, inakunjamana, inazeeka kama ngozi ya mtu. Dawa ya meza ina silikoni. Ikiingia humo haitoki mpaka kiama, na fundi atakayekuja baada yako atakulaani. Spiriti ya hospitali usiisogeze karibu, inaiyeyusha. Karatasi za jikoni ni msasa uliojificha. Chukua pajama kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka imekata tamaa, ukate vifungo vyake vyote.

Halafu mate. Usinicheke. Kule kiwandani wapakaji wote tulitumia mate. Yana uvuguvugu, yanakula uchafu na hayali vanishi. Lowesha pembe ya kitambaa ulimini, sugua kwa mzunguko mdogo, upana wa sarafu, kausha, nenda pengine. Anza mahali pasipoonekana. Ule utando mweusi wa mkono ukikataa, tia tone la petroli nyepesi, ile ya kujazia vibiriti vya chuma. Tia kwenye kitambaa, kamwe si kwenye gitaa, na mbali na jiko, maana vanishi hii ikishika moto huizimi. Ubao wa shingoni, unaobonyezewa vidole, utausafisha ukishavua nyuzi.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote. Sanduku likitoka kwenye baridi kuingia nyumbani, LISIFUNGULIWE. Liache limefungwa usiku na mchana mzima, lipate joto polepole. Ukilifungua papo hapo mbao na vanishi zinagombana, na vanishi ndiyo inayoshindwa.

Sasa nina maswali. Gitaa kama lile linafanya nini kwenye sauna? Na mwandiko wako umepatwa na nini? Zamani uliandika herufi zimesimama wima kama askari. Siku hizi zimelala upande kama zimelewa.

Mjomba wako,
Gerrit

*

Negaunee, 12 Desemba 1987

Mjomba,

Asante kwa barua, na mshukuru Bi Johanna kwa bakuli langu. Mama anakusalimu. Wiki iliyopita alianguka bafuni, lakini hakikuvunjika kitu isipokuwa beseni.

Barua yako ilikaa njiani siku tisa, barabara ilikuwa imefungwa kwa theluji. Mimi sikuweza kungoja. Tarehe mosi nililiingiza sanduku jikoni, nikaliweka juu ya meza karibu na jiko, nikalifungua.

Lililia, Mjomba. Tik. Tik-tik. Nilidhani ni kuni. Kisha nikaona mstari unatembea mbele ya macho yangu, kutoka kwenye chuma cha nyuzi mpaka ukingoni, na mwingine ukaukata, na mwingine, mpaka uso mzima ukawa kama barafu ya ziwa iliyokanyagwa. Nililalia sanduku kwa mwili wangu wote kana kwamba nitazizuia nyufa. Siku mbili baadaye mtu wa posta akaniletea barua yako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami mkuu wangu alikuwa amekwama kwenye theluji.

Umeuliza mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto. Nitakueleza mara moja, usiniulize tena. Ilikuwa Oktoba mwaka themanini na nne, kabla ya mambo ya Toivo. Nilikuwa nimejipaka mafuta ya mikono, nikaliondoa gitaa juu ya kiti ili Mama akae. Reino akaona alama za vidole vyangu kwenye vanishi. Hakupiga kelele. Alilirudisha gitaa kitini kwa upole kabisa, akafungua sanduku tupu, akaniambia, "Weka mkono hapo." Nikauweka. Sijui kwa nini niliuweka. Akafunga kifuniko juu ya mkono wangu wa kulia, akakikalia, akawasha sigara. Akaivuta yote mpaka ikaisha. Vidole vitatu havikunjiki tena.

Ndiyo maana gitaa linakaa kwenye sauna. Si gitaa nisiloweza kulala nalo nyumba moja. Ni sanduku.

Niambie nyufa hizi zinazibwa vipi. Zimebaki wiki kumi.

Marlys

*

Kalamazoo, 21 Desemba 1987

Marlys, mpwa wangu,

Heri ya Krismasi, ingawa mwenzio sina heri yoyote. Johanna ameniuliza mbona sili. Nikamwambia ni meno.

Mimi ndiye niliyelipiga vanishi gitaa lile mwaka hamsini na tisa, tabaka saba, kwa mikono hii, na mimi ndiye niliyemkabidhi Reino siku ya harusi yenu mbele ya watu nikasema, "Tunza ulichopewa." Watu wakacheka, wakidhani nasema gitaa. Laiti ningekuwa na mkono wa mtu yule hapa mbele yangu ningeupitisha kwenye msumeno wa kiwandani kidole kimoja kimoja, na kila kidole ningemuuliza kama anataka sigara.

Nyufa hazizibwi. Sikufichi. Wapo mafundi wanaozimwagia kiyeyushio zishikane, lakini hapo unalipata gitaa jingine, si lile. Maji yakimwagika hayazoleki. Usiguse kitu.

Wewe na mama yako, dada Mina, njooni huku. Chumba cha juu kipo. Nitatuma tiketi za basi.

Kuhusu ile simu dada Mina aliyonipigia Oktoba ile ya mkono wako, tuiache. Nilikuwa na sababu zangu, na karatasi si mahali pake.

Gerrit

*

Negaunee, 9 Januari 1988

Mjomba Gerrit,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote wawili. Tulikula mkate mtamu wa iliki wa jirani na Mama akaimba, kwa hiyo mwaka umeanza na mateso yake ya kawaida.

Usitume tiketi. Nyumba hii ni yangu, niliachiwa na baba, na Mama hawezi kukaa ndani ya basi masaa kumi na mbili na nyonga ile. Kwako kila kitu chepesi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nasafisha. Kila siku baada ya chakula cha mchana nakaa dirishani na pajama la marehemu baba, natema, nasugua, nakausha. Mama anasema sijawahi kukitemea mate kitu cha Reino kwa idhini. Njano ya sigara imetoka, rangi nyekundu imeanza kuchungulia chini yake kama tunda la cheri. Utando wa mkono ulikataa mate siku sita. Petroli ya kibiriti imeutoa. Nilifungua dirisha na kuzima jiko kwa lile onyo lako la moto, nusura tugande. Ulitoka vipande vipande, mweusi, una nywele zake ndani. Nimefuta vumbi chini ya nyuzi kwa brashi ya rangi. Sasa ukilitazama kutoka mlangoni huoni ufa hata mmoja. Ukilikaribia ndio unaziona.

Jana alikuja Urho, mdogo wake Reino, na damu ya kulungu kwenye suruali. Alikuja kukagua. Hakubisha hodi. Akaniuliza, "Mali ya kaka iko wapi?" Nikamwambia imelala. Akanikamata nywele za kisogoni, akanisukuma mpaka uso wangu ukagusa bamba la jiko. Limeacha alama shavuni, si kubwa. Akasema, "Kaka amesema nihesabu mikwaruzo. Nihesabu ya gitaa au yako?" Kisha akacheka, akala pai ya nyama ya Mama, akaondoka.

Likiwa safi sana, Mjomba, likiwa linang'aa kabisa, hataziangalia nyufa. Namjua. Nipe dawa ya kuling'arisha. Hilo tu ndilo ninalokuomba. Nikimpa gitaa lisilo na dosari hana cha kunipigia.

Simu hutaki kuisema. Sawa. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni chini ya simu Mama alipokuwa anaongea nawe, mkono wangu nimeufunga kwenye taulo. Nilimsikia akikwambia, "Gerrit, njoo." Kisha nikamsikia akinyamaza kwa muda mrefu.

Marlys

*

Kalamazoo, 24 Januari 1988

Marlys,

Safari hii sina salamu. Nimeandika barua hii mara nne na kuitia motoni mara tatu.

Unasema ukimpa gitaa lisilo na dosari hana cha kukupigia. Nataka nikwambie ninachokijua, na nitakwambia nimekijuaje, kisha unifikirie utakavyo.

Johanna hasikii sikio la kushoto. Mliambiwa ni homa ya utotoni. Si homa. Ni mimi, mwaka hamsini na saba, kwa kiganja hiki kinachoshika kalamu. Supu ilikuwa na chumvi nyingi. Siku ya pili akapika bila chumvi, nikampiga kwa kukosa chumvi. Akajifunza chumvi yangu kamili, nikampiga kwa sababu kijiko kilikuwa upande usio wake. Yule mama alisugua nyumba ile mpaka mbao za sakafu zikageuka rangi. Watoto walikaa kwenye viti kama picha. Alidhani kuna siku nyumba itafika pale ninapopataka.

Kazini nilikuwa mkaguzi kabla sijawa mpakaji. Unalishika gitaa, unaliinamisha ubavu kwenye mwanga wa dirisha, unaligeuza polepole mpaka doa lionekane. Walinisifu kwa jicho hilo. Miaka thelathini, na sijawahi kushika gitaa lisilo na doa. Ukiliinamisha vya kutosha, lipo. Na nyumbani nilifanya vivyo hivyo. Nilikuwa na hasira kwanza, doa nililitafuta baadaye.

Haikukoma kwa sababu nyumba ilikuwa safi. Ilikoma Johanna alipochukua watoto akaenda kukaa kwa dada yake Grand Rapids miezi saba. Nikabaki na nyumba inayong'aa na supu ninayoipika mwenyewe. Usiku wa tatu nikaupiga ukuta ngumi mpaka vidole viwili vikavunjika. Hapo ndipo nilipojua si supu. Wazee wa kanisa walikwenda kumwomba arudi. Alirudi. Sijampiga tena.

Dada Mina aliponipigia simu hakutaja mkono, alisema tu kwamba amekuumiza, na nilisikia kila neno. Nilinyamaza kwa sababu Johanna alikuwa amesimama nyuma yangu, na sikujua nitaendaje kumkanya mwanaume mwenzangu huku yule ananitazama.

Basi sahau dawa ya kung'arisha. Hata ungelisafisha mpaka likang'aa kama jicho la paka, atakupiga. Ondoka katika nyumba ile kabla ya tarehe 19. Nenda kwa jirani, nenda kanisani, nenda kwa Toivo Saarela ukamwombe akulinde kwa taya lake bovu. Gitaa liache mezani.

Gerrit

*

Negaunee, 4 Februari 1988

Mjomba,

Barua yako nimeisoma mara moja. Mama sijamwonyesha. Amekuwa akimwonea wivu Bi Johanna miaka yote kwa sababu ya ukimya wa nyumba yake.

Sina la kukujibu juu ya hayo sasa. Nikipata nitasema.

Wamebadilisha tarehe. Anatoka Ijumaa ya 12. Urho atamfuata kwa gari lake. Nimezungumza na jirani, anasema anaogopa. Nimezungumza na mchungaji, anasema mume ni mume. Nimezungumza na askari, anasema nimpigie simu likitokea jambo. Jambo gani, nikamuuliza. Akasema nitalijua.

Kama unakuja, njoo sasa.

Marlys

*

Mackinaw City, 11 Februari 1988, asubuhi

Marlys,

Barua yako niliipata jana. Nimepiga simu mara tisa, haiiti. Nadhani theluji imekata waya. Niliondoka na lori la jirani alfajiri bila hata chai. Nipo hapa kwenye mkahawa, upande huu wa maji. Daraja la kuvukia kwenu limefungwa. Upepo umepindua trela, hawaruhusu mtu kuvuka. Nimewaomba, nimewatukana, mmoja ameniambia, "Mzee, rudi kakae, kunywa kahawa." Ninaliona daraja lote kupitia dirishani.

Nina nyundo chini ya kiti. Nina umri wa miaka sitini na nane, lakini nyundo ni nyundo. Wakifungua tu, ninavuka. Nitakuwa kwenu kabla ya giza.

Posta iko mlango wa pili. Naitia hii ili ujue nilikuwa njiani.

Gerrit

*

Negaunee, 2 Machi 1988

Mjomba Gerrit,

Mwandiko huu ni wa Mama. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kupamba. Tu wazima. Yeye hana jeraha. Mimi nimevunjika mbavu tatu na mkono wa kushoto, utaelewa mbele. Barua yako ya mwisho ya Januari nimemsomea yote. Alikwenda akakaa kwenye theluji nje kwa muda, kisha akarudi akaomba chai.

Reino alikuja Ijumaa saa sita mchana. Alikuwa amenenepa, amenyoa, ana harufu ya sabuni ya jela. Urho alibaki garini. Nililiweka gitaa juu ya meza, limelala kwenye kitambaa cheupe. Nilikuwa nimelisafisha hata vigingi vya kukazia nyuzi, kimoja kimoja. Sikuondoka, Mjomba. Najua uliniambia. Nilitaka kuona kama wewe ni mwongo.

Akalichukua. Akakaa nalo gotini kwa heshima kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ampakate. Akaliinamisha kwenye mwanga. Mimi nikashika ukingo wa meza. Akaziona nyufa, akapitisha kidole juu yake, akatabasamu. "Limekuwa mzee," akasema. "Yote ya zama zile yana nyufa. Ndiyo raha yake." Zaidi ya miezi miwili, Mjomba, siku sabini na tatu sikulala kwa ajili ya zile nyufa, na yeye alizipenda.

Halafu mkono wake wa kulia ukaenda kuegemea pale ukingoni, mahali pake. Ukateleza. Akautazama. Akaurudisha, ukateleza tena.

"Jasho langu liko wapi?" akaniuliza.

Nikasema, "Ulikuwa uchafu, Reino. Nimekusafishia."

"Nilikwambia nilikute kama nilivyoliacha. Miaka kumi ya mkono wangu ilikuwa hapa. Nani kakufundisha kuitoa? We huna akili ya kuitoa hii. Kuna mwanaume kaingia humu. Mwanaume gani kakufundisha?"

Nikasema hakuna. Ngumi ya kwanza ilinipata mbavuni, ya pili sikuihesabu. Alinivuta kwa shingo ya gauni mpaka kwenye sanduku, akalifungua kwa mguu. "Weka mkono." Nikakataa. Akauweka mwenyewe, huu wa kushoto, mzima uliokuwa umebaki. Akafunga, akakalia. Nilisikia vile vidole vidogo vikivunjika. Akatoa sigara, akaitia mdomoni, akajipapasa akitafuta kibiriti.

Mama alitoka chumbani na mkongojo. Alikwenda kwenye jiko, polepole, tak, tak, akachukua buli la kahawa iliyokuwa inachemka tangu asubuhi. Reino akamwambia, "Rudi kalale, bibi." Mama akasema, "Karibu kahawa, mkwe." Akammiminia buli zima, kuanzia kisogoni, ndani ya kola.

Aliruka, akapiga yowe nililokuwa sijawahi kulisikia kwa mtu mzima. Mkono wangu ukatoka. Akamgeukia Mama, akampokonya mkongojo, akauinua. Mimi nililishika gitaa shingoni kwa mikono yangu yote miwili mibovu. Sikuhisi kitu. Pigo la kwanza nilimpiga gotini. Alipoinama nikampiga usoni kwa ukingo ule ule usio na jasho lake, na taya lake likalia kama la Toivo lilivyolia, nadhani. Nikampiga tena akiwa sakafuni. Nikampiga tena. Mama ananiambia nisiseme idadi, basi sisemi. Kichwa cha gitaa kilikatika, kikabaki kinaning'inia kwenye nyuzi. Urho aliingia, akaona, akatoka, akawasha gari akaenda zake.

Reino hakufa. Yupo hospitali chini ya ulinzi, na akipona anarudi ndani, kwa kuwa alivunja masharti ya kuachiwa kabla hata soksi zake hazijakauka. Mimi hawakunishika. Yule askari aliitwa na jirani aliyesikia yowe, akaja, akautazama mkono wangu, akasema, "Hili ndilo jambo." Lakini gitaa alilichukua kama ushahidi, na kwa kuwa lilikuwa na damu akalipangusa kwa spiriti ya hospitali ili lisichafue kiti chake cha gari. Rangi yote ikambandukia mkononi kama utando wa maziwa. Nilimwona kupitia mlangoni. Nilicheka mpaka mbavu zikaniadhibu.

Sasa nina la kukujibu.

Daraja lilifunguliwa Alhamisi ile ile, saa nane mchana. Redio ilitangaza. Mama alisikia.

(Nilisikia mwenyewe, Gerrit. Mina.)

Barua yako ya Mackinaw ilivuka. Ilifika Jumatatu. Lori lako halikufika Alhamisi, halikufika Ijumaa, na simu ilitengenezwa Jumamosi na haikulia. Sikuulizi ulikwenda wapi. Nilitaka kukuchukia, lakini ulinieleza ukweli juu ya Reino, na ukweli huo ulinisaidia kushika shingo ya gitaa badala ya kuomba radhi. Kwa hilo nakushukuru. Kwa lile jingine sikushukuru, na usiniandikie kunieleza upepo.

Mpe Bi Johanna barua hii, aisome mwenyewe, usimsomee. Bi Johanna, hapa pana kitanda, kuni za kutosha, na mama yangu anayemwaga kahawa vizuri. Mumeo ameniandikia kwamba aliacha kukupiga. Nataka hilo nilisikie kwako.

Marlys